Shajara ya "Kaa Nami": maneno mapya, tuni ya zamani

11 Januari 2025

Desemba tulizika mara mbili, na mara zote mbili tuliimba *Kaa nami*, tafsiri ya wimbo wa Kiingereza *Abide with Me*. Kwenye mazishi ya pili kijana mmoja wa sauti ya tatu alirekodi kwa simu. Nimekaa na rekodi hiyo wiki nzima kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinanikera, na sikujua ni nini mpaka niliposikiliza bila kuangalia karatasi.

Ni silabi ya mwisho. Mstari wa kwanza wa tafsiri tuliyoizoea unasema "Kaa nami, ni usiku tena". Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: TE-na. Tuni nayo huishia kwenye nota moja ndefu ya mapigo manne, na hiyo ndiyo nzito kuliko zote. Kwa hiyo "te" inapita upesi kwenye fa, halafu kwaya nzima inakaa juu ya "na": te-NAAAA. Ukisikia bila kujua wimbo, unadhani watu wanaita jina la mtu.

Nimeandika nota za solfa (d, r, m, f, s, l ni do, re, mi, fa, so, la; kila : au | hufungua pigo jipya, na kistari – huendeleza nota iliyotangulia) na silabi sambamba ili anayetaka kufuata aone:

m :– | m : r | d :– | s :– | l : s | s : f | m :– | – :–
ka :– | a : na | mi :– | ni :– | u : si | ku : te | na :– | – :–

Mkazo umegoma mstari mzima. "Na-mi": "na" iko kwenye pigo dhaifu, "mi" kwenye nota ndefu. "U-si-ku": pigo zito limeangukia "u". Ni neno moja tu, "kaa", lililokaa mahali pake.

Lengo: kufikia Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili, tuwe na beti mbili au tatu zinazoimbika kwa Kiswahili kinachosikika kama Kiswahili, juu ya tuni ileile. Waimbaji 28, kinanda cha usharika, Tanga. Naandika hapa kila hatua pamoja na gharama, maana najua kuna walimu wa kwaya wengine wenye kidonda hikihiki.

25 Januari

Jaribio la kwanza limekufa. Naliandika kwa kirefu ili mtu mwingine asilirudie.

Nilifikiri hivi: maneno ya zamani hayana kosa yenyewe kwa yenyewe. Yahesabu: KA-a NA-mi NI-u SI-ku TE-na. Silabi kumi, jozi tano, kila jozi nzito-nyepesi. Mfasiri alihesabu vizuri, nota kumi na silabi kumi. Basi nikaona nibadilishe mwendo badala ya maneno: mapigo matatu kwa kipimo, silabi nzito ipewe mawili, nyepesi moja. Nyumbani kwenye kinanda mkazo ulikaa sawasawa.

Jana jioni nikawapa kwaya. Mstari wa pili haujaisha, sauti ya pili wameanza kuyumba mabega. Mama mmoja akasema, "Mwalimu, hii ni ya kumtoa bibi harusi." Kweli kabisa, ilikuwa *send-off*. Wazee wawili wa baraza waliokuwa wanasubiri kikao walijaribu kuimba nasi kwa mwendo wa zamani, tukagongana katikati. Mwendo wa wimbo uliozikia wazazi wa watu haubadilishwi na mwalimu wa kwaya kwa wiki mbili.

Uamuzi: tuni haiguswi. Maneno ndiyo yatakayohama.

6 Februari

Kabla ya kuandika neno lolote nilirudi kwenye chanzo, na hapo nikakuta nimekuwa nikiufundisha wimbo huu nusu.

Mwandishi ni Henry Francis Lyte, Mskoti wa kuzaliwa, aliyesoma Dublin na kuwa mchungaji wa Brixham, mji wa wavuvi katika pwani ya Devon, Uingereza. Alikuwa na kifua kikuu. Septemba 1847 alihubiri mara ya mwisho kanisani kwake, akaondoka kuelekea kusini kutafuta hewa ya joto, akafia Nice tarehe 20 Novemba mwaka huohuo. Aliandika beti nane. Vitabu vingi huimba tano. Alitunga na tuni yake mwenyewe, ila haikushika. Tuni tunayoijua ni ya William Henry Monk. Ilitoka mwaka 1861 katika kitabu *Hymns Ancient and Modern*, ambacho Monk ndiye aliyehariri muziki wake, miaka kumi na minne baada ya Lyte kuzikwa. Mshairi na mtunzi wa sauti hawakukaa meza moja.

Maneno ya kwanza yametoka Luka 24:29. Wanafunzi wawili wako njiani kwenda Emau, wamefuatana na mtu wasiyemtambua, wanamsihi: "Kaa pamoja nasi, kwa kuwa kumekuchwa, na mchana unakwisha." Aliyefuatana nao ni Yesu, naye amekwisha kufufuka. Kwa hiyo wimbo tunaouimba kaburini unaanzia barabarani, siku ya Pasaka yenyewe. Lyte aliichukua ile jioni ya safari akaifanya jioni ya maisha. Usiku wake si huu wa kulala na kuamka. Tafsiri inaposema "tena", jioni inakuwa ya kila siku, na hapo kifo kinafichika. Ni sala nzuri ya kulalia, lakini si alichokuwa anasema mtu anayekohoa damu.

Waliomwelewa walimwelewa hivyo. Edith Cavell, muuguzi Mwingereza aliyepigwa risasi na Wajerumani huko Brussels tarehe 12 Oktoba 1915, usiku wa kuamkia siku ile aliyatamka maneno haya pamoja na kasisi aliyemtembelea gerezani.

Nilipowaeleza kwaya, vijana wa sauti ya nne wakasema wao wanaujua kutoka kwenye mpira. Nao hawakukosea: tangu 1927 huimbwa kabla ya fainali ya Kombe la FA la Uingereza.

Gharama mpaka leo: bando tu, ambalo nalihesabu ni langu.

16 Februari

Ubeti wa kwanza umepatikana, na umepatikana kwa kuitazama nota ya mwisho badala ya neno la mwisho.

Kama nota ile ya mapigo manne ni nzito na Kiswahili kinataka silabi nyepesi baada ya nzito, basi nota ipasuliwe. Sauti haibadiliki, ni mi na mi. Msikilizaji hahisi kama tuni imeguswa. Sasa mstari una nafasi kumi na moja. Nikazipima: ya kwanza ni ndefu na imesimama peke yake, halafu zinafuata jozi tano za nzito-nyepesi. Nikatafuta maneno ya umbo hilo.

*Kaa nami, Bwana, jua linazama,*
*Na giza nene mbele lasimama;*
*Wakenda wote, nikabaki mimi,*
*Ee nguzo ya wanyonge, kaa nami.*

"Kaa" inakaa yote kwenye ile mi ndefu ya kwanza. Kisha NA-mi, BWA-na, JU-a, LI-na, ZA-ma. Niliimba jikoni, mke wangu akauliza kwa nini leo anasikia maneno.

Kwa kulinganisha: *Yesu kwetu ni rafiki* hautusumbui hata kidogo, kwa sababu tuni yake inaanza kwa pigo zito na mstari wake wa silabi nane huishia kwa pigo jepesi. YE-su KWE-tu NI ra-FI-ki. Nane ndiyo mizani ya utenzi, sikio la Mswahili limeshazoea. Ukichagua nyimbo za kufundisha watoto, anza na za umbo hilo.

22 Februari

Nilimpelekea jirani yangu, mzee wa mashairi. Ni Mwislamu, na mashairi ya watu wa Tanga yote yamepita mikononi mwake kabla ya kufika popote. Alisoma, akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Mwalimu, mstari wa kwanza una kumi na mbili."

"Kumi na moja, Mzee. 'Kaa' naimba mara moja."

"Huku juu 'kaa' ni moja. Huku chini, 'kaa nami', ni mbili. Kaa hii na kaa ile ni ndugu, au zimekutana njiani?"

Sikuwa na jibu. Kwa kanuni ya mizani ana haki: ka-a ni silabi mbili popote iendapo. Kwa kanuni ya kwaya, nota ndefu inaweza kubeba irabu mbili zinazofanana bila mtu kujua. Tulikubaliana kwamba kwenye karatasi ya kusoma ni kosa, kwenye karatasi ya kuimba si kosa. Hakufurahi. "Wakenda" aliipenda, akasema hiyo ni ya wenyewe.

1 Machi

Hapa nimepoteza pesa.

Nilichapa karatasi kwa nota za solfa, kurasa mbili, nakala 28. Kwaya zetu nyingi husoma solfa kuliko nota za mistari, urithi wa mbinu ya John Curwen iliyoletwa na wamisheni, na solfa inategemea vistari. Kistari kikihama, wimbo umehama. Mwisho wa kila mstari nilipaswa kuandika:

m :– | – : m

Yaani mapigo matatu kwa silabi nzito, moja kwa nyepesi. Nikaandika:

m : m | – :–

Yaani moja kwa nzito, matatu kwa nyepesi. Kwaya ikasoma kilichoandikwa, kama nilivyowafundisha: za-MAAAA. Tulikuwa tumerudi kulekule Desemba, sasa kwa maneno mapya. Nilisimama mbele yao nikawalaumu kwa dakika kumi hivi kabla ya msichana wa sauti ya kwanza kuninyooshea karatasi na kidole juu ya kistari. Niliomba radhi.

Kosa la pili kwenye karatasi hiyohiyo: sauti ya nne sikuwapasulia nota. Wenzao wanasema "zama", wao wanabaki "zaaaa" wakisubiri. Rekebisha sauti zote nne kwa pamoja, usianze na ya kwanza ukasema nyingine zitafuata.

Gharama: nakala 28 × kurasa 2 × sh 100 = sh 5,600. Kurudia, sh 5,600 nyingine.

8 Machi

Ramadhani, kwa hiyo nilimfuata mzee baada ya futari. Tuliandika ubeti wa pili barazani kwake, na huo ndio ninaoupenda.

Lyte anasema siku fupi ya maisha inatoweka upesi kama maji yanayopwa. Aliishi juu ya bandari, hilo aliliona kila siku. Sisi vilevile: nenda ufukwe wa Raskazone hapa Tanga maji yakipwa uone nchi inavyobaki tupu, mashua zimelala ubavu. Sijui kwa nini nilihangaika siku tatu na "yatoweka" na "yapungua" ilhali neno liko mlangoni.

*Maisha yangu kama maji yapwa,*
*Na raha za dunia za kukopwa;*
*Naona yote yachakaa nami,*
*Usiyebadilika, kaa nami.*

"Za kukopwa" ni ya mzee. Nilikuwa nimekwama na kina cha "pwa", nikataka kubadilisha mstari wa kwanza. Akakataa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kitu cha kukopwa kina mwenyewe."

Yeye akapinga mstari wa tatu: "nami" na "nami", neno moja limetumika mara mbili kama kina, ni uvivu. Nikakubali, nikasema nitabadilisha. Nilipoimba sauti ndogo njiani kurudi nikasikia kumbe ndani ya "yachakaa nami" mmekaa "kaa nami" nzima. Kinachochakaa na kinachoombwa kikae vina sauti moja. Sikupanga. Nimeuacha.

Waimbaji wanne wa kutoka Lushoto, milimani, waliuliza "yapwa" ni nini. Nilitaka kuweka tanbihi. Badala yake, Jumamosi ijayo tunafanyia mazoezi ufukweni.

15 Machi

Tumefanya, maji yakiwa yamepwa. Hakuna aliyeuliza tena.

Tatizo la leo ni mstari wa pili. Tuni inapanda hivi: m f s l s f r m fe s. Ile fe, nusu hatua juu ya fa, ndiyo inayouhamisha mstari kwenda kutulia kwenye so, kama mtu aliyesimama mlangoni bila kuingia. Sauti ya kwanza walikuwa wanaimba fa ya kawaida. Inasikika "sawa", na ndiyo hatari yake: wimbo unakosa ile shaka. Silabi iliyopo hapo ni ya neno "lasimama", giza limesimama mbele, na muziki unapaswa kusimama pamoja nalo.

Dawa iliyofaa: nilifuta maneno, wakaimba "s fe s, s fe s" mara kama ishirini, polepole, bila kinanda. Kisha m fe s. Dakika kumi na tano. Kinanda hakisaidii hapa, kinawafichia.

5 Aprili

Kasi. Kila mstari una mapigo 16. Mazoea yetu ya mazishini ni kama mapigo 50 kwa dakika, yaani sekunde 19 kwa mstari. Hakuna pafu la Tanga linalofika. Watu walikuwa wanavuta pumzi katikati ya "lina-zama". Nikapandisha hadi 76, mstari unachukua sekunde 12 na ushee, pumzi moja. Wazee watasema tunakimbia. Wasafiri wa Emau walikuwa wanatembea, nitawajibu hivyo.

Tumeimba katika ufunguo wa Mi bemoli (E-flat) kama Monk alivyoandika. Bila kinanda tunashuka karibu nusu hatua kufikia ubeti wa pili, nimeacha kupigana na hilo.

12 Aprili

Baada ya miezi mitatu ya kazi, mama yuleyule wa bibi harusi akaingia mazoezini amechelewa, akaanza kwa mazoea kuimba maneno ya zamani juu ya karatasi mpya. Alipogundua amekosea alishtuka, "Ee!", akaendelea. Wenzake wakacheka. Mimi niliganda.

Ee, KA-a NA-mi NI-u SI-ku TE-na.

Nafasi kumi na moja. Silabi moja mbele, nota ya mwisho ikapasuliwa, na mstari wa zamani ukakaa kama uliotungiwa tuni hii. Kosa lote la ule mstari lilikuwa nota moja. Mistari mingine ya tafsiri haikubali yote dawa hii, nimeijaribu usiku kucha. Lakini mstari wa kwanza, ule ambao kila mtu anaujua kwa moyo, unakubali. Ungeniokolea Januari nzima.

21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Somo lilikuwa Luka 24. Usharika ulianza na mstari wa zamani wenye "Ee", kisha kwaya ikashika beti mbili mpya. Kwenye ubeti wa kwanza watu walisikiliza. Kwenye ubeti wa pili, ilipofika "kaa nami" ya mwisho, kanisa zima likajiunga bila kuambiwa, kwa sababu maneno hayo mawili hatukuyaondoa. Waliishia kwa na-MIII ya zamani, sisi kwa NAAA-mi. Kidogo tu tuligongana. Mzee mmoja wa baraza alinisalimia mlangoni: "Umeuimba Pasaka, mwanangu? Huu ni wa msiba." Nilimwonyesha sura na aya. Alisoma akiwa amesimama, akarudia kusoma, akaenda zake.

Jumla ya gharama: nakala sh 11,200, nauli ya mpiga kinanda, mara 9 kwa sh 2,000, sh 18,000, maji na maandazi ya mazoezi sh 24,000. Sh 53,200.

10 Mei

Ubeti wa tatu bado. Lyte anaomba msalaba ushikwe mbele ya macho yanayofumba. Neno "msalaba" lina mkazo kwenye silabi ya tatu, m-sa-LA-ba, na haliwezi kuanza mstari wa tuni hii. Nilichofikia:

*Na msalaba wako nionyeshe*

Na, m, sa, LA, ba, WA-ko, NI-o-NYE-she. Umekaa, ila "m" peke yake inalazimika kubeba nota nzima, tena yenye mkazo. Sauti ya kwanza wanaimeza. Sauti ya nne wameipenda, wanaifumbia midomo na kuivumisha mpaka benchi linatikisika, kwa hiyo kwa sasa imebaki. Nilipogawa rasimu, kijana mmoja aliileta mezani akidhani mashine imerudia herufi: juu, kwenye mstari wa nota, m, chini yake, kwenye mstari wa maneno, m.